Daftari Lako Limelala Wapi Leo?

  Leo nina swali moja, na nitalirudia mara kadhaa kabla hatujaagana. Daftari lako la biashara limelala wapi?

Nasema daftari kwa makusudi. Nina maana ya orodha ya unaowadai na wanaokudai, bei ulizonunulia, mzigo uliobaki stoo, namba za simu za wateja, risiti. Zamani vyote hivyo vilikaa ndani ya kaunta buku lenye jalada gumu, na jioni mwenye duka alilibana kwapani akaondoka nalo. Ukimuuliza daftari liko wapi, anakuonyesha. Leo ukimuuliza mwenye duka swali hilohilo atakujibu, "Liko kwenye mfumo." Mfumo uko wapi? "Mtandaoni." Mtandaoni kwa nani? Hapo wengi wetu tunanyamaza.

Nikupeleke Buguruni. Mama mdogo wangu ana duka la vifaa vya ujenzi pale: bati, nondo, saruji, rangi. Kijana mmoja wa IT alimwekea mfumo wa mauzo, na kila mwezi mama analipia. Kompyuta inakaa juu ya kaunta, na ikiwa haitumiki hufunikwa kipande cha khanga kwa sababu ya vumbi la saruji. Jumatatu ya Mei 13, 2024 nilikuwa nimeketi pale kwenye ndoo ya rangi. Akaja fundi mmoja, mteja wa siku nyingi, aliyekuwa amechukua nondo kwa mali kauli. Amekuja kupunguza deni, fedha iko mkononi. Karani akafungua mfumo. Kiduara kikazunguka. Akafunga, akafungua tena. Kiduara kikazunguka tena.

Fundi anasema deni lililobaki ni laki nne na themanini. Mama anakumbuka laki sita kasoro kidogo. Hakuna aliyekuwa anadanganya, hilo naliapia. Watu wawili waliofanya biashara pamoja miaka kumi wanatazamana, na anayejua ukweli ni kompyuta, nayo haisemi. Mwishowe mama akavuta droo ya chini, akatoa kaunta buku la zamani. Maandishi ya mwisho yalikuwa ya mwaka uliotangulia. Akageuza ukurasa, akaandika tarehe, jina la fundi na kiasi alichopokea. Wakakubaliana kwamba hesabu kamili itafanyika mfumo ukirudi.

Ni nini kilichotokea siku ile? Jumapili ya Mei 12, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mikongo hiyo imelazwa chini ya bahari kandokando ya pwani yetu, Seacom tangu mwaka 2009 na EASSy tangu 2010, na hubeba sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki. Ilipokatika, Tanzania, Kenya na majirani wengine wakabaki na njia chache, zikajaa kama barabara ya Mandela saa kumi na mbili jioni. Kwa siku kadhaa mtandao ukawa unakwenda kwa kujivuta.

Kwa hiyo uzi uliokatika baharini, mbali kabisa na Buguruni, ulimzuia fundi wa Buguruni kujua deni la nondo za Buguruni. Unaona jambo hilo? Mnunuzi yuko hapa, muuzaji yuko hapa, nondo ziko hapa. Daftari peke yake ndilo lilikuwa safarini.

Sasa tuzungumze kuhusu hilo linaloitwa wingu. Ni jina zuri, lakini linapoteza watu. Mtu akisikia wingu anadhani vitu vinaelea hewani, havina mwenyewe wala mahali pake. Msikilizaji, wingu ni jengo. Lina kuta, lina lango na mlinzi, lina jenereta, lina viyoyozi vinavyonguruma usiku na mchana. Ndani yake yamepangwa makabati ya chuma, safu kwa safu, na katika kila kabati mna kompyuta zisizo na kioo wala kibodi. Hizo ndizo seva, na jengo lenyewe ndilo kituo cha data. Ukiambiwa "tumekuwekea kwenye wingu," maana yake daftari lako limo ndani ya kompyuta ya mtu mwingine, katika jengo la mtu mwingine, na wewe unalipa kodi.

Yaani umepanga fremu.

Na nani katika nchi hii hajui habari za kupanga fremu? Kabla hujatoa kodi ya miezi sita unauliza maswali. Luku ni yako peke yako au mnachangia? Mwenye nyumba ni huyu ninayezungumza naye, au huyu ni dalali? Mkataba uko wapi? Funguo ziko ngapi, na ya pili anayo nani? Nikihama, nitaruhusiwa kutoa makabati yangu? Mama yeyote wa genge anayajua maswali haya. Linalonisikitisha ni kwamba tukifika kwenye daftari, ambalo ni roho ya biashara, hatuulizi hata moja. Tunalipa, tunapewa nywila, tunaondoka.

Biashara hii ya kukodisha kompyuta kwa mbali ilichangamka mwaka 2006, pale Amazon, kampuni iliyoanza kwa kuuza vitabu mtandaoni, ilipoanza kukodisha nafasi ya kuhifadhi na nguvu za kompyuta zake. Microsoft na Google wakaingia nao. Kwa miaka mingi majengo yao makubwa yalikuwa nje ya Afrika. Barani kwetu walianzia kusini: Microsoft mwaka 2019 kule Johannesburg na Cape Town, Amazon mwaka 2020 kule Cape Town, Google mwaka 2024 kule Johannesburg. Tukafurahi kwamba wingu limesogea. Limesogea kweli, lakini kumbuka mkongo uliokatika ulikuwa upande gani.

Na hili si la maduka madogo tu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na kwa miaka kadhaa seva zake zilikuwa Ujerumani, hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Mtu wa Kisumu alikuwa akimtumia nduguye wa Kakamega fedha, na kumbukumbu ya muamala inakwenda Ulaya na kurudi kabla simu ya pili haijalia. Ilifanya kazi, tena vizuri. Lakini wenyewe waliona vema daftari lirudi nyumbani.

Je, ninakuambia uachane na wingu? Hapana. Naomba nisieleweke hivyo. Ngoja nikukumbushe mwaka 2021.

Usiku wa Julai 10, mwaka 2021, Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Wengi wenu mnakumbuka moto ule, na wengine mlisimama barabarani mkiutazama. Kwa mfanyabiashara, moto wa namna ile hauchukui mzigo peke yake. Kama daftari lilikuwa chini ya kaunta, limekwenda. Kama lilikuwa ndani ya kompyuta iliyokaa juu ya kaunta, nalo limekwenda. Kesho yake huwezi kumwambia anayekudai ni kiasi gani, wala huwezi kumdai uliyemkopesha. Aliyekuwa na nakala mahali pengine, hata kama amepoteza mali yote, anabaki na pa kuanzia. Kwa ajili ya usiku kama ule, wingu ni msaada mkubwa, na sitalisema vibaya.

Lakini mwaka huohuo, miezi minne kabla, wingu nalo liliungua. Usiku wa kuamkia Machi 10, 2021, moto ulizuka katika kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Jengo moja la ghorofa tano liliteketea lote na jingine likaungua sehemu. Tovuti nyingi mno zilizimika, za biashara ndogo, za serikali za mitaa, za michezo. Na sasa sikiliza sehemu inayouma. Walikuwapo wateja waliokuwa wamelipia nakala ya akiba. Wamelipa, wana risiti. Kumbe nakala ile ilikuwa imehifadhiwa palepale Strasbourg, ikateketea pamoja na ile ya kwanza. Baadhi yao walikwenda mahakamani.

Kwa hiyo lile swali langu sasa lina mtoto. Daftari lako limelala wapi? Na nakala yake ya pili, nayo imelala wapi? Kama zote mbili ziko chini ya paa moja, basi una moja tu.

Tena si moto pekee. Agosti 2023, kampuni ya Denmark iitwayo CloudNordic, iliyokuwa ikipangisha tovuti na mifumo ya watu, iliingiliwa na wahalifu wa mtandaoni. Walifunga kila kitu kwa nywila zao na kudai fedha, na nakala za akiba nazo walizifikia, kwa sababu zilikuwa zimeunganishwa na mtandao uleule. Kampuni ikatangaza kwamba wateja wake walio wengi wamepoteza data zao zote. Fikiria uko upande wa mteja. Wewe hukukosea neno.

Tugeukie gharama, maana najua yupo anayeuliza: basi ninunue seva yangu? Hapa nitatumia mfano wa viti na maturubai. Una harusi ya watu mia tatu, huendi kununua viti mia tatu. Unakodi, sherehe ikiisha vinarudi. Ungevinunua, vingekaa uani vikinyeshewa. Lakini kanisa linalokalisha watu walewale kila wiki, mwaka nenda mwaka rudi, halikodi. Linanunua, na fundi wa kuvitengeneza linamjua. Wingu liko hivyohivyo. Kama biashara yako ina siku za kufurika na siku za ukimya, kwa mfano unauza tiketi, au unapokea maombi ya shule mara moja kwa mwaka, kukodi ni akili. Kama kazi yako ni ileile Januari hadi Desemba, piga hesabu upya. Kampuni ya Marekani iitwayo 37signals, watengenezaji wa programu ya Basecamp, ilipiga hesabu hiyo, na mwaka 2022 ikatangaza kwamba inatoka kwenye wingu la kukodi na kununua seva zake yenyewe. Kazi yao ilikuwa inatabirika, na kodi ilikuwa kubwa mno.

Kwetu kuna jambo la ziada: wenye mawingu makubwa wanatoza kwa dola, na sisi tunauza kwa shilingi. Mwezi mmoja ankara haijabadilika hata senti, lakini shilingi imeteremka, na wewe unalipa zaidi kwa nafasi ileile.

Ndiyo maana ninafurahi nikiona vituo vya data vikijengwa karibu. Dar es Salaam kuna kituo cha taifa pale Kijitonyama. Nairobi na Mombasa vipo vya kampuni binafsi. Mei 2024, siku kumi tu baada ya ile mikongo kukatika, Microsoft na kampuni ya G42 ya Falme za Kiarabu walitangaza mpango wa kituo kikubwa Olkaria, Kenya, kitakachotumia umeme wa jotoardhi. Kutangaza ni kitu kimoja na kujenga ni kingine, tutasubiri tuone. Faida ya kuwa karibu ni hii: seva ikiwa Dar, na mteja yuko Dar, na kampuni zao za intaneti zinabadilishana mawasiliano hapahapa mjini, mkongo wa baharini unaweza kukatika na duka likaendelea kuuza. Ukizungumza na mtu anayetaka kukuuzia mfumo, muulize bila haya, "Seva iko nchi gani? Mkongo ukikatika, mimi nauzaje?" Akikujibu vizuri, mshukuru. Akicheka tu, ondoka.

Sasa nije kwa huyo tunayemwita kijana wa IT. Biashara nyingi hapa haziwezi kuajiri mtaalamu wa kudumu, na si kosa. Unamlipa mtu wa nje au kampuni ndogo, anakutunzia tovuti, barua pepe, mfumo wa mauzo, mara mojamoja printa. Wengi wao ni vijana waaminifu, wanafanya kazi hadi usiku. Ninachouliza si uaminifu. Ninauliza, ufunguo uko kwa nani?

Rafiki yangu mmoja wa Moshi anapeleka wageni mlimani. Jina la tovuti yake, lile linaloishia na .co.tz ambalo limechapwa kwenye kadi na fulana zake, lilisajiliwa na kijana aliyemtengenezea tovuti, kwa jina la kijana na kwa barua pepe ya kijana. Kijana akapata kazi mkoa mwingine, akabadili namba. Jina la tovuti hulipiwa kwa muda maalumu, kwa kawaida mwaka. Ujumbe wa kukumbusha malipo ukaenda kwenye barua pepe ambayo haifunguliwi tena. Siku moja tovuti ikazimika, na pamoja nayo barua pepe za kampuni. Ilikuwa Julai, msimu wenyewe wa wageni. Watu waliokuwa wameshalipa malipo ya awali wakaandika kuuliza nani atawapokea uwanja wa ndege, na barua zao zikarudi. Yule kijana hakuwa mwizi, alipopatikana alisaidia kwa moyo wote. Lakini zilikuwa zimepita wiki mbili na nusu, na rafiki yangu alizeeka katika wiki hizo.

Jina la biashara yako lisajiliwe kwa jina lako, msikilizaji. Kwa barua pepe yako, kwa namba yako. Fundi apewe ruhusa ya kufanya kazi, kama unavyompa fundi bomba ruhusa ya kuingia jikoni, lakini hati ya nyumba humwachii.

Na hata ukiwa na kampuni nzuri, jua kwamba nayo ina mtu inayemtegemea. Julai 3, 2021, juma moja kabla ya moto wa Kariakoo, maduka ya Coop nchini Sweden, mtandao wa maduka kama mia nane ya vyakula, mengi yake hayakufungua milango. Maziwa yapo, mikate ipo, wafanyakazi wamefika. Mashine za malipo hazifanyi kazi. Coop hawakuvamiwa wao. Aliyehudumia mashine hizo alikuwa anatumia programu ya kampuni ya Marekani, Kaseya, programu ambayo watoa huduma za IT huitumia kusimamia kompyuta za wateja wao kwa mbali. Wahalifu wakaingia kwa mlango huo mmoja na kuwafikia wateja wa wateja, biashara takriban elfu moja na mia tano sehemu mbalimbali za dunia. Muuza mikate wa Sweden huenda hakuwahi kulisikia jina la Kaseya mpaka siku ile.

Kwa nini nakueleza ya Sweden? Kwa sababu na wewe fundi wako ana ufunguo mmoja unaofungua maduka ishirini. Muulize anautunzaje. Muulize kama anatumia nywila moja kwa wateja wote. Muulize kama kuingia kunahitaji hatua ya pili, ile namba inayokuja kwenye simu. Mtu anayejali kazi yake hatakasirika.

Neno moja la sheria, kisha nimalizie. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na kuna Tume inayoisimamia. Kenya wana ya kwao tangu 2019. Ukiandika jina na namba ya mteja, wewe ndiye mkusanyaji wa taarifa zake. Mwenye seva anazichakata kwa niaba yako tu. Mteja wako alikupa namba yake wewe, hakuipa seva. Na kuzisafirisha taarifa hizo nje ya nchi kuna masharti yake. Ndiyo hivyo, swali la daftari limelala wapi ni swali la kisheria pia.

Utaniuliza, mama wa Buguruni alifanya nini? Hakuuacha mfumo. Unamsaidia, na anaupenda. Alimwita yule kijana, akampa chai, wakaandikiana karatasi ya kurasa mbili: seva iko wapi, nakala inachukuliwa lini, nani ana nywila, wakiachana mama anaondokaje na data zake. Na kila Ijumaa saa kumi na moja karani anapakua orodha yote ya madeni na stoo, anaiweka kwenye flashi, na flashi hailali dukani wala haiachwi imechomekwa kwenye kompyuta. Inalala nyumbani Tabata, ndani ya kopo la biskuti, juu ya kabati la vyombo.

Mwezi mmoja baadaye nilikuwa kwake Tabata, akaniambia, "Mwanangu, washa kompyuta yako, lakini zima intaneti kwanza." Nikazima. Akachomeka flashi mwenyewe, akafungua faili, akateremka kwa kidole polepole akitafuta jina moja tu. Akalipata. Nondo, mali kauli, malipo ya Mei 13 yameingizwa, na juu yake kiasi kilichokuwa kinadaiwa asubuhi ile: laki tano na thelathini. Haikuwa ya fundi wala haikuwa ya mama. Akaisoma kwa sauti mara mbili, akachomoa flashi, akairudisha kwenye kopo.